Usukani wa stenlesi kwa boti ya mita 8: namna ya kuutengeneza katika karakana ya nyumbani

Boti nyingi za mwambao zenye injini ya dizeli ndani zina usukani wa chuma cheusi kilichopakwa rangi. Chuma hicho ni rahisi kukata na kuchomelea, lakini maji yanayosukumwa na propela huibandua rangi upesi, na kutu haichelewi. Stenlesi ni jibu zuri kwa fundi aliye tayari kuifuata inavyotaka. Asipoifuata, atatupa fedha baharini, maana kilo moja ya stenlesi hugharimu mara kadhaa ya chuma cheusi.

Kwanza ifahamike stenlesi inajilinda vipi. Juu yake kuna utando mwembamba mno wa oksaidi ya kromiamu. Ukikwaruzwa hujijenga upya, mradi oksijeni ipo. Maji ya bahari yakituama mahali pasipofikiwa na maji mapya, oksijeni yake huisha, utando hushindwa kujirudisha, na chumvi huanza kula chuma kwa vishimo vidogo vyenye kina kirefu. Ndiyo maana usukani wa stenlesi hauharibikii pale unapoonekana, unapong'aa. Huharibikia ndani ya pakingi (kizuizi cha maji kinachozunguka shafti), nyuma ya bushi (pete ambayo shafti huzungukia ndani yake), kwenye mshono wenye tundu, na ndani ya bapa, ile sehemu pana inayokaa majini, lililoingia maji bila mwenyewe kujua. Karibu kila ninachokuelekeza hapa kimetokana na jambo hilo moja.

Nachukua mfano wa boti ya uvuvi ya mita 8, ya mbao au ya faiba, yenye mwendo wa noti 7, propela moja, na usukani unaoning'inia nyuma ya propela bila kushikwa chini. Boti yako ikiwa tofauti, badilisha namba na ubaki na utaratibu.

Ukubwa wa bapa

Zidisha urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa kina cha mkuku, kisha chukua asilimia 4 hadi 5. Kwa mita 7.2 na kina cha mita 0.7 unapata mita za mraba 5.04. Asilimia 4 yake ni 0.20. Bapa la milimita 500 kwenda chini na 400 kwa upana linatosha.

Kabla ya kuchora chochote, nenda kwenye boti na upime mambo matatu. La kwanza, ncha ya chini ya usukani isifike chini ya mkuku. Boti zetu hupwelezwa, na usukani ulioshuka kuliko mkuku ndio utakaobeba boti maji yakitoka. Acha angalau milimita 50. La pili, kati ya kichwa cha bapa na sakafu ya boti kuwe na nafasi ya milimita 20 hivi, na bapa lisiguse popote likigeuzwa hadi mwisho pande zote mbili. La tatu husahauliwa na wengi: shafti ya propela itatolewaje siku ikihitaji kutengenezwa? Usukani ukikaa sawia nyuma yake, kila ukitaka kutoa shafti itabidi uushushe kwanza. Kuusogeza pembeni kidogo, kiasi cha kuiwezesha shafti kupita, hakuathiri uendeshaji kwa namna utakayoihisi.

Unene wa shafti ya usukani

Hapa usikisie wala usinakili boti ya jirani. Hesabu yenyewe ni fupi.

Nguvu ya maji kwenye bapa, kwa nyutoni, ni 615 mara kasi mara kasi mara eneo. Namba 615 ni nusu ya uzito wa lita elfu moja za maji ya bahari, yaani kilo 1025, mara 1.2, kiwango kikubwa cha msukumo ambao bapa zuri huupata. Noti 7 ni mita 3.6 kwa sekunde. Propela huongeza kasi ya maji yanayoufikia usukani, kwa hiyo ongeza robo: mita 4.5. Basi 615 × 4.5 × 4.5 × 0.20 ni nyutoni 2,490, sawa na mzigo wa kilo 250 hivi uliobandikwa upande mmoja wa bapa.

Mzigo huo hukaa karibu na katikati ya bapa, milimita 250 chini ya kichwa chake. Ongeza zile 20 za nafasi: ni milimita 270 kutoka bushi ya chini. Mpindo ni 2,490 × 0.27, yaani nyutoni-mita 672. Ukichanganya na msokoto wa kugeuza bapa unafika kama 690.

Stenlesi ya 316L iliyolainishwa huanza kupinda moja kwa moja kwenye nyutoni 170 kwa milimita ya mraba. Tumia nusu yake, 85. Kipenyo ni mzizi wa tatu wa (32 × 690,000 ÷ (3.14 × 85)), na jibu ni milimita 43.6. Nunua nondo ya mviringo ya milimita 45, isiyo na tundu katikati.

Muuzaji akikwambia ya 40 inatosha, kumbuka kwamba nguvu hukua kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Ya 45 ina nguvu zaidi ya ile ya 40 kwa asilimia 42, ilhali bei haipandi kwa kiasi hicho. Lakini boti yako ikiwa na mkuku uliorefushwa chini ya propela na kuushika usukani kwa pini ya chini, mpindo hupungua sana na nondo ya 32 au 35 inatosha. Kwa boti mpya inayojengwa, mimi ningechagua mtindo huo. Hushika usukani pande mbili na kuzuia nyavu na kamba zisinase kwenye propela.

Kununua chuma

Kwa bahari chukua 316L. Ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi. Herufi L maana yake kaboni haizidi asilimia 0.03, kwa hiyo kandokando ya mshono hapawi dhaifu baada ya moto. 304 ni nzuri kwa masinki na vishikio vya mlango, na kwa Ziwa Viktoria au Tanganyika inafaa kabisa kwa kuwa maji yake si ya chumvi kama ya bahari. Chini ya mstari wa maji ya bahari, iache.

Kuna imani iliyoenea kwamba sumaku hutofautisha 304 na 316. Haitofautishi, kwa sababu zote mbili hazishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo tu pale zilipokunjwa. Sumaku itakusaidia kukataa stenlesi ya bei nafuu isiyo na nikeli, basi. Ili kuwa na uhakika dai cheti cha kiwandani chenye namba inayolingana na iliyochapwa kwenye bamba, au tumia dawa ya matone ya kupimia molibdenamu. Baadhi ya wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wana kifaa cha mkononi kinachosoma madini yaliyomo. Ukimlipa mtu akupimie kipande, fedha hiyo haijapotea.

Kwa usukani huu utahitaji:

- nondo ya mviringo ya 316L, milimita 45, urefu mita 1 (kilo 12.7);
- bamba la milimita 3 kwa ngozi mbili za bapa (kilo 24 kwa mita ya mraba, na utatumia chini kidogo ya nusu mita);
- bamba la milimita 6 kwa mbavu, kichwa na kitako;
- bomba la nusu inchi lenye kipenyo cha nje cha milimita 21.3, urefu nusu mita, kwa pua ya bapa, yaani ukingo wake wa mbele;
- bomba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 3.9, kwa ajili ya kupitishia shafti;
- vipande vya bapa nyembamba, upana wa milimita 30 na unene wa 3;
- rodi za E316L-16 za milimita 2.5, au waya wa ER316L na gesi ya agoni kama una mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa gesi hiyo na waya wa kulisha kwa mkono).

Ukimaliza usukani utakuwa na kilo 26 hivi.

Kutenga karakana

Vumbi la chuma cheusi ni adui wa stenlesi. Chembe zake zikijibandika juu, hushika kutu na kuvunja ule utando. Kwa hiyo siku ya kazi hii, usikate chuma cheusi katika chumba hichohicho. Diski za grainda ziwe mpya na zilizoandikwa kuwa za stenlesi. Brashi iwe ya nyaya za stenlesi na isiguse kitu kingine maisha yake yote. Meza ya chuma ifunike kwa mbao, na meno ya jiliwa yavalishe alumini. Klempu za mabati yaliyochovywa zinki zisiwe karibu na moto: zinki iliyoyeyuka huingia ndani ya stenlesi na kuipasua.

Afya pia. Moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu ya aina inayosababisha saratani ya mapafu. Kitambaa puani hakisaidii. Fanya kazi penye upepo unaopita pembeni yako, vaa barakoa yenye vichujio vya moshi wa metali, na usimweke mtoto wa kazi upande moshi unakoelekea. Kama unatumia agoni, usiupeleke upepo huo moja kwa moja kwenye moto, utaipeperusha gesi. Weka kizuizi kidogo upande mmoja.

Kazi ya kumpelekea mkereza vyuma

Mashine ya kukerezea huna, na hakuna haja ya kuinunua kwa usukani mmoja. Mpe mkereza nondo na mchoro. Alainishe sehemu zitakazokaa ndani ya bushi, achonge mfereji wa kii, ile pini ya pembe nne inayozuia mkono wa kugeuzia usukani usizunguke peke yake juu ya shafti, na kwenye ncha ya juu kabisa achonge mraba wa milimita 30 wenye urefu wa 60. Mraba huo ni wa kana ya dharura, yaani mpini wa kugeuzia usukani kwa mkono. Waya au pampu ya usukani ikikatika ukiwa nje ya mwamba, utachomeka kana hapo na kurudi nyumbani. Usikubali kuuacha.

Mwambie kwamba pembe za mfereji wa kii na kila mahali kipenyo kinapobadilika pawe na mviringo mdogo. Pembe kali ndipo ufa huanzia.

Umbo la bapa na mbavu

Bamba moja tambarare lenye mbavu pembeni hugeuza boti, na ni kazi ya siku chache. Hata hivyo bapa nene mbele na jembamba nyuma hushika maji kwenye pembe kubwa zaidi kabla ya kupoteza nguvu, na mkono huwa mwepesi. Tofauti utaiona unapoingia kwenye mlango wa mwamba wimbi likikufuata nyuma. Mimi naona jasho la ziada linafaa.

Tunatumia umbo la NACA 0015, moja ya maumbo ya bawa yanayotambulika kwa namba, lenye unene wa asilimia 15 ya upana. Kwa upana wa milimita 400, nusu ya unene wa nje kuanzia mstari wa katikati ni hivi:

- milimita 10 kutoka mbele: 13.1
- 20: 17.8
- 40: 23.4
- 80: 28.7
- 120: 30.0
- 160: 29.0
- 200: 26.5
- 240: 22.8
- 280: 18.3
- 320: 13.1
- 360: 7.2

Chora umbo hili kwenye plaiwudi nyembamba, ukate kwa uangalifu, ulainishe kwa msasa. Hicho ndicho kielelezo chako cha nje. Kwa mbavu, tengeneza kielelezo cha pili kilichopungua milimita 3 kila upande kwa ajili ya ngozi.

Shafti inakaa milimita 68 kutoka ukingo wa mbele, yaani asilimia 17 ya upana. Hapo unene wa nje ni milimita 55, ndani zinabaki 49, na nondo ya 45 inapita ikiacha milimita 2 kila upande. Kuweka sehemu ya bapa mbele ya shafti hupunguza uzito wa kugeuza. Ukizidisha asilimia 20 hivi, usukani huanza kuvuta wenyewe pembeni, na mshika usukani hapumziki.

Ubavu mzima wenye tundu la shafti katikati ungebaki na ukuta wa milimita 2 tu, hauna maana. Kata kila ubavu vipande viwili: cha mbele kati ya bomba la pua na shafti, cha nyuma kuanzia shafti hadi ukingo wa nyuma. Mbavu mbili zinatosha, moja milimita 170 kutoka kichwani na nyingine 340. Shafti ishuke ndani ya bapa milimita 350, ipite kidogo ubavu wa pili. Chini ya hapo mpindo umekuwa mdogo na kitako kinajitegemea. Kichwa ndicho kipande kimoja kinachovaa shafti kwa tundu: kikate kwa ukubwa wa umbo la nje, ili ngozi zije kugota chini yake.

Bomba la nusu inchi ndilo pua. Pua ya umbo hili inataka mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 10, na bomba lina 10.65. Ngozi ya milimita 3 ikilazwa ubavuni mwa bomba hufika 13.65 kutoka katikati, karibu sawa kabisa na namba ya mchoro. Hakuna haja ya kukunja bamba kwa mashine.

Kuchomelea mifupa

Stenlesi hutanuka kwa joto kuliko chuma cheusi kwa theluthi moja, na hupitisha joto kwa shida. Joto hukaa palepale ulipochoma, na kipande hujikunja. Dawa yake ni kushikiza kwanza, kuchoma kidogokidogo, na kuwa na subira.

Laza shafti kwenye vitako viwili vya mbao vilivyokatwa umbo la V na uhakikishe imenyooka. Panga kichwa, mbavu, pua na kitako, ukipima kwa uzi na pima maji. Shikiza kila kiungo kwa nukta pande zote mbili kabla ya kuchoma mshono wowote. Kisha choma sentimita tatu au nne mbele, hamia nyuma, geuza upande wa pili, rudi. Kabla ya kupita tena mahali, mwaga tone la maji karibu: likichemka kwa kelele, bado ni moto mno, ngoja. Chini ya nyuzi 150 ndiyo kiwango.

Kwa rodi ya milimita 2.5 anza na ampea 65 hadi 80, mkondo wa moja kwa moja, mshika rodi kwenye chanya. Rodi ziwe kavu. Hewa ya pwani ina unyevu, na rodi iliyolala wazi hutoa mshono wenye vitundu. Kwa TIG weka tochi kwenye hasi. Baada ya kila mstari ondoa maganda yote, kwani ganda lililofunikwa na mstari wa juu huwa mwanya wa chumvi kesho.

Kiungo cha shafti na kichwa ndicho kinachobeba mzigo wote. Pasua ukingo wa tundu kwa nyuzi 45 pande zote mbili, ujaze kabisa, na ukague kwa kioo cha kukuzia. Kama mkono wako haujazoea stenlesi, mlipe mchomeleaji wa mabomba achome kiungo hicho kimoja. Mengine fanya mwenyewe.

Rudisha shafti kwenye vitako, izungushe taratibu ukiwa umesimamisha sindano ya kuchorea karibu na uso wake. Ikiyumba zaidi ya nusu milimita kwenye sehemu za bushi, inyooshe sasa. Baada ya ngozi kufungwa hutaweza.

Kuvika ngozi

Juu ya kingo za mbavu, upande utakaofungwa mwisho, chomelea vile vipande vya upana wa milimita 30 vikiwa vimelala. Ukingo wa ubavu ulio upande huo upunguze milimita 3 zaidi ili visiitokeze ngozi. Ndivyo vitakavyopokea mishono kutoka nje.

Ngozi ya kwanza ilaze, ivutwe kwa mikanda na kabari za mbao hadi ifuate mbavu, kisha ichomelewe kutoka ndani kwenye mbavu na kwenye pua. Sentimita tatu za mshono, sentimita tano za kuacha. Mshono mrefu mfululizo utaonekana nje kama mfereji.

Ngozi ya pili huwezi kuifikia kwa ndani. Kabla ya kuivika, itoboe matundu marefu ya milimita 12 kwa 40, sawia na vile vipande vilivyolala, matatu au manne kwa kila ubavu. Ivike, ibane, na ujaze matundu hayo kwa weldi kutoka nje, ukianza na ukingo wa chini wa tundu uyeyuke pamoja na kipande. Halafu funga kuzunguka: kichwa, kitako, pua, na nyuma ngozi mbili zinapokutana. Ukingo wa nyuma ukate mraba, ubaki na unene wa milimita 6 na pembe zilizo wazi. Ukiuzungusha, maji yanayouacha hutikisika, na usukani huvuma.

Angalizo zito: kabla ya mshono wa mwisho, toboa kitako na utie hesi ya robo inchi kwa ajili ya kizibo. Usiwahi kuchomelea chombo kilichofungwa pande zote. Hewa na unyevu wa ndani hupata moto, shinikizo hupanda, na chuma kinaweza kupasuka usoni mwako.

Kupima uvujaji

Bapa hili likivuja hubeba lita 6 za maji, na maji hayo hayabadiliki. Ni mazingira yaleyale niliyoyataja mwanzo, kwa hiyo kipimo hiki hakirukwi.

Unganisha kwenye tundu la kizibo mpira wa plastiki unaoonesha ndani, uukunje umbo la U ukutani na kuutia maji. Tia hewa kwa pampu ya baiskeli hadi maji ya upande mmoja yapande mita 1 juu ya yale ya upande wa pili. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya bar, na inatosha. Usiunganishe kompresa: hata mbili ya kumi ya bar husukuma kila ngozi kwa uzito wa kilo 400. Paka maji ya sabuni kwenye kila mshono, tafuta mapovu, kisha acha nusu saa kivulini. Maji ya mpira yakishuka, kuna tundu hata kama hujaliona. Likate hadi kwenye chuma kizima, ulichome upya. Kupaka tu weldi juu yake kunaficha.

Wengine hujaza bapa povu la polyurethani. Mimi siungi mkono. Povu hunyonya maji taratibu, na siku ukitaka kuchomelea tena, moshi wake ni sumu. Bapa lililokauka, tupu, lenye kizibo kilichofungwa kwa teflon ni bora.

Kusafisha uso

Rangi ya bluu na nyeusi kandokando ya mshono ni chuma kilichopoteza kromiamu yake usoni. Ukiiacha, vishimo vitaanzia hapo ndani ya msimu mmoja. Iondoe kwa diski laini ya msasa hadi ung'avu urudi, na umalize kwa msasa mdogo zaidi, kwani uso laini hukusanya uchafu kidogo.

Zipo dawa za kupaka zenye asidi ya haidrofloriki, na hufanya kazi haraka. Asidi hiyo hupenya ngozi hadi mfupani, na hospitali nyingi za wilaya hazina dawa yake karibu. Nyumbani usiitumie. Baada ya msasa, changanya gramu 100 za asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa kwa watengenezaji wa vinywaji, kwa kila lita ya maji ya nyuzi 60. Funika bapa kwa vitambaa vilivyoloweshwa humo nusu saa, ukiviongezea maji ya moto, kisha suuza sana. Asidi hii huondoa chembe za chuma cheusi. Haiondoi rangi ya moto, ndiyo maana msasa unatangulia.

Kwa jaribio, lowesha usukani kwa maji safi usiku kucha, kesho yake uutazame kwenye mwanga. Doa jekundu hata moja lina maana chembe zimebaki. Rudia.

Bomba, bushi na kola

Bomba la inchi 2 lina nafasi ya ndani ya milimita 52.5. Bushi basi ina kipenyo hicho kwa nje na 45.3 kwa ndani, urefu wa milimita 80 chini na 60 juu. Mwambie mkereza atumie plastiki ngumu ya asetali. Nailoni ni rahisi kupata, lakini hunywa maji, huvimba, na usukani hukwama. Stenlesi juu ya stenlesi usijaribu kabisa: nyuso hizo hung'ang'aniana mpaka uzikate. Kwa sababu hiyo kila boliti pia ipakwe grisi ya kuzuia kunasa.

Likiwezekana, refusha bomba lifike milimita 300 au zaidi juu ya mstari wa maji, boti ikiwa na mzigo. Hapo huhitaji pakingi, na umeondoa sehemu ambayo maji hupenda kutuama. Boti ikilazimu pakingi, epuka ile yenye grafaiti, kwa kuwa grafaiti ikikaa na stenlesi ndani ya maji ya chumvi huila. Tumia ya teflon, weka nipo ya grisi na uisukume mara kwa mara.

Uzito hubebwa na kola juu ya bomba, iliyofungwa kwenye shafti na kukalia ringi ya asetali. Ifunge kwa boliti mbili na pini inayopita kwenye shafti. Kola iliyobanwa tu huteleza, na usukani mzima hushuka chini ya bahari.

Kuufunga ufukweni

Panga kazi kwa bamvua, siku zinazofuata mwezi mchanga au mwezi mpevu, ili maji yatoke mbali na upate saa za kutosha. Pweleza chombo, kisimamishe kwa magadi pande zote mbili, kisha chimba shimo chini ya tezi. Shafti ina mita 1 na lazima iingie kutoka chini, kwa hiyo mchanga utachimbwa hadi kiuno. Tia mbao kuzuia kingo zisibomoke, na mtu asiingie chini ya boti kabla magadi hayajakaguliwa na mtu wa pili.

Paka bushi grisi ya majini, ingiza usukani, funga kola, mkono na kii. Ugeuze kwa mkono mmoja: uende bila kukwaruza hadi nyuzi 35 kila upande, na hapo ugote kwenye vizuizi vilivyofungwa kwenye mwili wa boti. Vizuizi visiwe kwenye pampu wala kwenye waya. Boti ikirudi kinyumenyume, maji huudaka usukani na kuupiga pembeni kwa nguvu nyingi.

Funga kipande cha zinki kila upande wa bapa, kwa boliti zilizochomelewa nje ya ngozi bila kuitoboa. Zinki usiipake rangi. Ukitaka kupaka bapa rangi ya kuzuia viumbe wanaoganda, tanguliza tabaka mbili za epoksi, kwa kuwa rangi nyingi za aina hiyo zina shaba na haifai kugusa stenlesi.

Kama boti imesajiliwa kwa biashara, mjulishe mkaguzi wa mamlaka ya vyombo vya majini kabla ya kubadilisha usukani: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Peleka mchoro, hesabu ya shafti na cheti cha chuma.

Siku ya kwanza majini

Anza ndani ya bandari, mwendo wa polepole, ugeuze pande zote. Ongeza kasi kwa hatua. Ukisikia mvumo kwenye kasi fulani pekee, rudi kwenye ukingo wa nyuma na uhakikishe umekatwa mraba. Boti ikivuta upande mmoja kidogo, hiyo ni propela inavyozunguka na si kosa la usukani. Jaribu kana ya dharura siku hiyohiyo, bahari ikiwa shwari, na mwoneshe kila baharia inapowekwa.

Kwenye bamvua la pili au la tatu pweleza tena. Fungua kizibo cha kitako: pasitoke hata tone. Tazama zinki imeliwa kiasi gani, sukuma bapa pembeni kuona kama bushi imelegea, na pitisha kidole kando ya mishono ya kichwa ukitafuta doa la kahawia. Ukilikuta, likwangue siku hiyohiyo hadi chuma kiwe cheupe, ulioshe kwa sitriki, na uandike mahali lilipokuwa ili upaangalie safari ijayo ya kupweleza.